Maswali ya herufi ya "ipi si ya kundi": CFI, MPS, XAD, RUW. Jibu linapatikanaje?

Kijana wa Tabata
Wakuu, habari za jioni. Nina usaili wa mchujo hapa Dar wiki ijayo, na kuna yale maswali ya herufi: makundi manne, matatu yana kanuni moja, unatafuta lisilohusika. Mfano:

CFI, MPS, XAD, RUW

Mimi nasema MPS, maana ndilo pekee lisilo na irabu. Kitini cha steshenari kinasema RUW, bila maelezo yoyote. Nani yuko sahihi? Na njia ya haraka ni ipi?

Mzee wa Namba
Kitini kiko sahihi. Andika namba ya nafasi chini ya kila herufi, kisha tazama mapengo. CFI ni 3, 6, 9. MPS ni 13, 16, 19. Zinaruka tatu tatu. RUW ni 18, 21, 23: tatu, halafu mbili. Ingekuwa RUX ingepita.

Chapakazi
Mbona XAD inarudi nyuma mkuu? X ni 24, A ni 1. Mimi ningeitoa hiyo.

Mzee wa Namba
Hairudi, inazunguka. Baada ya Z tunaanza tena A, kwa hiyo ukivuka Z ongeza 26. A inakuwa 27, D inakuwa 30. Basi ni 24, 27, 30, tatu tatu vilevile. Kundi likianza na X, Y au Z, jaribu hili kabla ya kulitoa.

Na msihesabu kuanzia A kila mara, hapo ndipo muda unapopotelea. Andika EJOTY juu ya karatasi ya rafu: 5, 10, 15, 20, 25. R iko mbili kabla ya T, kwa hiyo 18.

Dada Kinondoni
Nyongeza: tumieni abjadi ya Kiingereza, herufi 26. Ya Kiswahili haina Q wala X. Ukihesabu P, R, S, hiyo MPS inakupa tatu na mbili, unaitoa bure.

Pia alama za kujumlisha na kutoa ziandikwe. Tazama BDC, PRQ, GIH, SUV. Ukiandika "2, 1" tu, yote manne yanafanana. Ukiweka alama, matatu ya kwanza ni +2, −1, na SUV ni +2, +1.

Kijana wa Tabata
Asanteni. Hii je: EV, DW, KP, HT? Mapengo ni 17, 19, 5, 12, sioni mpangilio.

Mzee wa Namba
Mapengo yakigoma, jumlisha. EV ni 5+22=27, DW 4+23=27, KP 11+16=27. HT ni 8+20=28, itoe. Hizo za 27 ni herufi zinazotazamana, A na Z, B na Y, hadi M na N. Irabu E ni chambo tu.

Chapakazi
Lakini hoja ya MPS kukosa irabu ni kweli kabisa. Kwa nini isihesabiwe?

Dada Kinondoni
Kwa sababu kanuni ya mapengo inabana kila herufi ya makundi matatu. Ya irabu inagusa herufi moja tu, nyingine zingeweza kuwa chochote. Zikigongana mbili, chukua inayobana zaidi. Irabu iwe ya mwisho, kama FKR, DLW, GOP, BHS: mapengo hayana mpango, na GOP ndiyo pekee yenye irabu. (Y huhesabiwa konsonanti.)

Kuna watunzi wazembe wanaoacha majibu mawili yenye nguvu sawa. Usibishane na karatasi. Dakika moja ikipita weka alama, songa mbele, utarudi.

Mzee wa Namba
Tabata, fanya hii: ACF, UWZ, YAD, KMO.

Kijana wa Tabata
KMO. Mengine ni +2, +3, hilo ni +2, +2. YAD nimeisoma 25, 27, 30.

Mzee wa Namba
Sawa kabisa. Sasa zifanye za makundi matano, na saa iwe mezani.