Jenkins ya ofisi, plagini 97: nibaki nayo, niisafishe, au nihamie GitHub Actions?

fundi_bildi
Wakuu habari za Jumapili. Kesho saa tatu asubuhi bosi anataka jibu na mimi hapa nipo kikombe cha tatu cha kahawa.

Tuna seva moja ya Jenkins (inayojenga na kupima programu zetu yenyewe), toleo la muda mrefu yaani LTS 2.426, inatembea kwa Java 11, aliisimika jamaa ambaye alishaondoka na hakuacha hata karatasi. Plagini 97, jobu kama 30, nyingi freestyle (za kujaza fomu), sita pipelaini (hatua zimeandikwa kama skripti). Ijumaa jioni nikasema ngoja niapdeti plagini zote kwa mkupuo, baadhi zilikuwa na maandishi ya onyo pembeni sikuyasoma, nikawasha upya, na sasa zile sita za pipelaini hazionekani. Sio kwamba zinafeli, hazipo kabisa kwenye ukurasa.

Halafu kuna lingine la siku nyingi. Jobu ya API yetu ya Java (hii ni freestyle) inatoa kijani kila siku, lakini mteja analalamika kosa tulilorekebisha wiki mbili nyuma bado lipo, nikafungua logi nikakuta testi 4 zimefeli na chini kabisa pameandikwa SUCCESS. Nimebadilisha plagini ya Maven (chombo cha kujengea Java), nimebadilisha ya ripoti za testi, hola.

Bosi anataka tutupe Jenkins twende GitHub Actions (huduma ya GitHub ya kazi hiyo hiyo). Mimi nawaza tuziandike jobu zote upya kwa Jenkinsfile (faili la hatua za bildi linalokaa pamoja na msimbo). Mwenzangu anasema turudishe plagini za zamani tusiziguse tena milele. Nyie mngefanyaje?

mama_logi
Ijumaa jioni tena! Haya, wote tumeshapita huko.

Tulia mdogo wangu, jobu hazijapotea. Plagini inayoijua jobu ya pipelaini imegoma kupanda, sasa Jenkins ikifungua config.xml za hizo jobu haielewi inasoma nini, inaziruka. Mafaili yapo, chungulia /var/lib/jenkins/jobs utayaona. Ila kitu kimoja NAKUOMBA, ukiingia Manage Jenkins ukakuta inakuuliza ufute data zisizosomeka, usibonyeze. Hapo ndipo watu wanapolia.

Piga journalctl -u jenkins halafu tafuta maneno "or higher required". Nabashiri kuna plagini inadai Jenkins 2.479 kwenda juu na wewe uko 2.426, ndiyo yale maandishi ya onyo uliyoyapita. Na 2.479.1 yenyewe, ya Oktoba 2024, haiwaki bila Java 17. Ikianguka plagini moja ya chini zinaanguka zote zinazoiegemea, kwa hiyo usiogope ukikuta makosa 40, ugonjwa ni mmoja au miwili.

Kurudi nyuma ni rahisi kuliko unavyodhani. Kila plagini inapoapdetiwa Jenkins inaacha toleo la kabla yake ndani ya folda ya plugins, jina lile lile ila mwisho ni .bak. Simamisha seva, lile jipya la .jpi liweke pembeni, .bak libadilishe jina liwe .jpi, washa. Bakapu ni moja tu kwa kila plagini, ukiapdeti tena la zamani linafutika, kwa hiyo usijaribu bahati mara ya pili.

kijana_wa_yaml
Kwani bado mnateseka na hizo vitu? Sisi tulitoka Jenkins hapa Nairobi na siwezi rudi. Faili moja ya YAML ndani ya repo, hakuna seva ya kulea, hakuna kuamka usiku ati plagini imekataa kupanda, na repo za siri unapewa dakika 2000 bure kila mwezi. Bosi wako ako sahihi.

mzee_wa_kron
Kijana hesabu vizuri. Bildi ya dakika 12, wakiipiga mara 15 kwa siku ni dakika 180, hizo 2000 zinaisha siku ya kumi na mbili. Baada ya hapo ni kadi ya dola au usimike rana (runner, mashine ya kuendesha bildi) yako mwenyewe, na rana ni nini kama sio seva ya kulea?

Na plagini hujazikimbia, umezibadilisha jina tu. Machi 2025 tj-actions/changed-files, kipande cha kuongezea kwenye Actions, ilivamiwa, tegi zake (majina ya matoleo) zikaelekezwa kwenye komiti (badiliko la msimbo) yenye sumu ikawa inamwaga siri za watu ndani ya logi. Aliyeandika toleo kwa tegi aliipata bila kugusa chochote, aliyefunga kwa namba ndefu ya komiti ilimpita kando. Sisemi Actions ni mbaya, nusu ya kazi zetu ziko huko, nasema usimwambie mtu kwamba hakuna plagini.

PwaniDev
Mimi hayo ya kuhama niwachie nyinyi, bwana fundi mimi nataka nione kile kisanduku cha sheli cha hiyo jobu ya API. Kijani juu ya testi zilizofeli hiyo si plagini wallahi.

fundi_bildi
Hii hapa yote:

#!/bin/bash
source /opt/mazingira.sh
mvn -B verify | tee bildi.log
cp target/api.jar /srv/kutolewa/
echo "imekwisha"

PwaniDev
Ndiyo hivyo, na si kosa moja, ni matatu yameshikana mikono.

Kisanduku cha sheli cha Jenkins, ukikiacha bila mstari wa #!, kinaendeshwa kwa /bin/sh -xe, yaani amri ikifeli kinakata hapo hapo. Ukiweka #!/bin/bash juu, ile -e imeondoka, kinaendelea mpaka chini na kinachohesabiwa ni jibu la amri ya mwisho peke yake. Ya mwisho kwako ni echo. Echo ilishafeli lini?

Lakini usikimbilie kufuta ule mstari, maana kwenye Ubuntu /bin/sh ni dash, haijui source, ndiyo sababu jamaa yako aliuweka. Na hata ungeufuta hupati kitu, kwa sababu ya pili ni huyo tee. Amri mbili zikiunganishwa kwa | jibu linalorudi ni la ile ya kulia, Maven anafeli, tee anaandika faili lake vizuri, anarudisha sifuri.

La tatu ndilo limemuumiza mteja. Testi zikifeli Maven hafiki hatua ya kufunga jar, na kwa vile hukuweka clean ile jar ya bildi ya zamani bado imekaa ndani ya target, cp inaichukua hiyo hiyo kila siku inaipeleka. Angalia tarehe yake uniambie.

Weka set -eo pipefail chini ya #! (-e ikate amri ikifeli, pipefail ihesabu kufeli kwa upande wowote wa |), andika mvn -B clean verify, na tee mtoe kabisa, Jenkins inaweka logi yenyewe.

fundi_bildi
Jar ya ndani ni ya siku 16 zilizopita 😭 na mimi nimebadilisha plagini wiki nzima.

kijana_wa_yaml
Hio ni ya Jenkins tu lakini. Actions inaweka pipefail yenyewe.

PwaniDev
Inaweka ukiandika shell: bash mwenyewe. Usipoandika, kwenye Linux inaendesha bash -e tupu, bila pipefail, na huyo tee angekudanganya huko huko.

kijana_wa_yaml
Nimeenda nimejaribu. Ni ukweli. Naomba nikaangalie repo zetu kwanza.

mzee_wa_kron
Sasa turudi kwenye swali. Hilo la kurudisha plagini na kutoziguga milele (kutozigusa, simu hii) sikushauri kabisa. Januari 2024 Jenkins ilitoa marekebisho ya udhaifu CVE-2024-23897, mtu alikuwa anasoma mafaili ya seva kupitia CLI (njia ya amri za maandishi), na yakaingia kuanzia LTS 2.426.3. Fundi, 2.426 yako ni nukta ngapi? Kama ni .1 au .2 acha kusoma hapa kashughulikie.

Tulichofanya sisi ni cha katikati. Kila hatua ya bildi iliyokuwa kwenye kisanduku au kwenye plagini tuliitoa tukaiweka kwenye skripti ndani ya repo, ci/jenga.sh, ci/peleka.sh, kila mtu anaweza kuiendesha kwenye laptopu yake. Jenkinsfile ikabaki ya kuita skripti, kubeba siri na kukusanya ripoti za JUnit, basi. Plagini zikabaki ishirini na kitu. Siku tukitaka kwenda Actions tunabadilisha karatasi ya juu, skripti ni zile zile.

Ila Jenkinsfile nayo ina mambo yake, usijidanganye. Ukianza kuandika Groovy (lugha yake) nyingi ndani utakutana na NotSerializableException, mara nyingi ni mtu kasoma JSON kwa JsonSlurper, tumia readJSON yaishe. Na jobu inayoacha huduma ikiendelea nyuma, kwenye freestyle mlikuwa mnaweka BUILD_ID=dontKillMe ili Jenkins isiiue, kwenye pipelaini hiyo haisikii, ni JENKINS_NODE_COOKIE=dontKillMe. Tulipoteza siku nzima hapo.

mama_logi
Kujua plagini zipi zinatumika kweli, ingia /var/lib/jenkins upige:

grep -oh 'plugin="[^"]*"' jobs/*/config.xml | sort | uniq -c

Za hatua za pipelaini hazitatokea humo, hizo zisome kwenye Jenkinsfile zenyewe. Zikibaki chache ziandike kwenye plugins.txt na matoleo yake, usimike kwa jenkins-plugin-cli, usirudi tena kwenye kubonyeza.

Kupanda: anza na Java 17 ukiwa bado hapo hapo 2.426, inaikubali, ukiona imetulia ndiyo upandishe Jenkins. Ajenti (mashine zinazofanya bildi) nazo zipe Java 17, ukisahau utaona UnsupportedClassVersionError inataja 61.0 na 55.0, hiyo ni 17 na 11. Java ya kujengea programu yenu inaweza kubaki ya zamani, hizo ni mbili tofauti.

fundi_bildi
Wakuu marejesho, leo Alhamisi. Ilikuwa 2.426.1 🙈. Pipelaini zote sita zilirudi Jumapili ile ile kwa njia ya .bak, zilikuwa plagini tatu tu. Bosi kakubali ya mzee wa kron, nimepandisha nakala ya seva kwanza, grep ya mama logi imetoa plagini 19 na mbili nyingine nimeziona kwenye Jenkinsfile.

Jobu ya API sasa ni nyekundu tangu Jumatatu na wenzangu wananilaumu mimi nimeiharibu. Testi mbili kati ya nne zilikuwa makosa ya kweli. Mbili zilizobaki zinapita kwenye laptopu zetu wote, kwenye Jenkins zinakosea tarehe kwa siku moja, ila bildi za usiku tu.

mama_logi
Seva yako iko UTC. Saa sita usiku mpaka saa tisa, kwako ni siku mpya, kwake bado jana. Weka -Duser.timezone=Africa/Dar_es_Salaam kwenye argLine ya surefire (plagini ya Maven ya kuendesha testi) uone zinapita, halafu uitoe mkarekebishe msimbo (code), maana seva ya mteja nayo huenda iko UTC.