MJADALA: Elektroni za 4f kwenye fermioni nzito, zinajifungia ghafla au haziachi mkondo?

Mleta mada:
Wakuu, naleta ubishi uliowagawa wanafizikia wa mango kwa zaidi ya miaka 20.

Kwa wasioufuatilia: mwaka 1975 Andres, Graebner na Ott walipima CeAl3 (mchanganyiko wa seriamu na alumini) karibu na sifuri halisi, wakakuta elektroni zake zinahifadhi joto kana kwamba kila moja ina tungamo mamia ya mara kuliko ya kawaida; ndizo fermioni nzito. Chanzo ni ganda la 4f la seriamu. Lina elektroni moja tu, iliyojificha ndani ya atomu, na kwenye joto la kawaida inafanya kazi ya sumaku ndogo isiyobanduka mahali pake. Joto likishuka, elektroni za mkondo zinaizonga na kuuzima usumaku wake (njia ya kulielewa hilo ilianzia kwa Jun Kondo, 1964), na mwishowe 4f yenyewe inaingia mkondoni, nzito. Lakini sumaku hizo pia huvutana zenyewe kwa zenyewe. Zikishinda, zinajipanga kwa kupishana, moja juu, moja chini. Doniach alituchorea mashindano hayo mwaka 1977.

Swali: kwenye mpaka wa hali hizo mbili, joto likiwa sifuri, je, 4f inajifungia tena ghafla? Au inabaki mkondoni na usumaku unajipanga ndani ya mkondo huohuo, kwa njia ya Hertz (1976) na Millis (1993)?

Mimi nasema ghafla. Chukua CeRhIn5, mchanganyiko mwingine wa seriamu. Bila mgandamizo, uso wake wa Fermi (umbo ambalo ukubwa wake unaonyesha ni elektroni ngapi zinasafiri mkondoni) unafanana na wa LaRhIn5, ambamo lanthanamu imeshika nafasi ya seriamu, na lanthanamu haina 4f hata moja. Kwa hiyo 4f ya seriamu haihesabiki kati ya zinazosafiri. Mwaka 2005 Shishido na wenzake waliibana hadi takribani gigapaskali 2.35, uso ukaruka, ukafanana na wa CeCoIn5, ambamo 4f inahesabika. Mnataka nini zaidi?

Mchangiaji wa kwanza:
Taratibu mkuu. Sumaku zikijipanga kwa kupishana, kizio cha fuwele kinakuwa kikubwa na uso wa Fermi unajikunja wenyewe. Uso unaweza kubadilika bila 4f kujifungia popote.

Halafu YbRh2Si2, mchanganyiko wa itabiamu wenye 4f pia, kipenzi chenu. Mwaka 2015 Kummer na wenzake waliichunguza kwa kuzing'oa elektroni kwa mwanga. Uso mkubwa, wenye 4f ndani yake, ulikuwa palepale hata joto lilipolipita kwa mbali lile la Kondo (ambapo elektroni za mkondo huanza kuizonga 4f). Sasa hiyo 4f mnayosema inajifungia, inajifungia lini?

Mchangiaji wa pili:
YbRh2Si2 inajipanga kisumaku chini ya kelvini 0.07. Mwanga ule haujafika huko. Ni kumpima mtu homa kabla hajaugua, kisha ukatangaza hana malaria.

Walioshuka hadi huko ni watu wa athari ya Hall (volti inayojitokeza kando ya mkondo ndani ya uga wa sumaku, na kudokeza idadi ya elektroni zinazosafiri). Paschen na wenzake (2004) walipandisha uga wa sumaku polepole na kipimo cha Hall kikageuka upesi. Friedemann na wenzake wakaendeleza mwaka 2010: upana wa mgeuko ule unapungua sawia na joto. Ukifuata mstari hadi sifuri, mteremko unakuwa ngazi.

Mchangiaji wa kwanza:
Kufuata mstari hadi sifuri siyo kufika sifuri.

Mchangiaji wa tatu:
Mada yenyewe imefunga kamba moja vitu viwili. Mwaka 2009 Friedemann na wenzake waliweka kobalti kidogo badala ya rodiamu: usumaku ukadumu hadi kwenye uga mkali zaidi, ila mstari wa mgeuko haukusogea, ukajikuta ndani ya eneo la usumaku. Walipoweka iridiamu, usumaku ukarudi nyuma na mstari ukaachwa nje peke yake. Kwa hiyo mpaka wa usumaku na mpaka wa 4f ni mipaka miwili. Kwenye YbRh2Si2 safi vimekutana tu. Naona hili zito kuliko yote yaliyosemwa hapa.

Mleta mada:
Na linanipa nguvu! Kama mgeuko unatokea katikati ya usumaku, usumaku haujaanza wala kuisha pale, basi hoja ya uso kujikunja haina pa kushika. CeRhIn5 pia: Jiao na wenzake (2015) waliona uso ukibadilika kwenye tesla 30 hivi, na usumaku unadumu hadi karibu tesla 50.

Mchangiaji wa kwanza:
Hiyo ya tesla 30 iache. Mishra na wenzake walifika tesla 70 mwaka 2021, wakaona uso uleule na 4f imejifungia mwanzo hadi mwisho. Usichague kipimo kinachokupendeza.

Mchangiaji wa pili:
Hapo ana haki. Na kwenye YbRh2Si2 tumekwama kwa sababu ya ajabu kidogo: kuusoma uso wa Fermi kwa mitetemo ya kwantumu (vipimo vya fuwele kupanda na kushuka kadiri uga unavyoongezwa) kunahitaji uga mkali, lakini usumaku wake unafutika kwa tesla 0.06 tu. Ukileta rula, unachotaka kupima kimeshaondoka. Ndiyo maana tunabishana kwa Hall, ambayo inachanganya mambo mengi katika namba moja.

Mleta mada:
Sawa, tesla 30 naiweka pembeni. Ya kobalti siiachii. Mchangiaji wa kwanza, nieleze kwa Hertz mstari ule unatoka wapi, usumaku ukiwa umeshajipanga pande zote mbili.