Tupeane uzoefu: kitu gani cha mbinguni kilikutia hofu na hadi leo hujakipatia jibu?

Mkaazi wa Mkoani: Assalaam alaykum. Juzi umeme umekatika huku kwetu, nikatoka barazani, mara nikakumbuka lile giza la mwisho wa 2009 kuingia 2010, Unguja miezi mitatu hakuna umeme. Nilikuwa nasoma mjini. Joto la kaskazi likitutoa ndani, tunatandika mikeka nje, Kilimia, kile kishada cha nyota, kiko upande wa kibla. Maswali yalianzia hapo. Baadaye nikaja kusoma kuwa vyote tunavyoviona, nyota, sayari, bahari, sie wenyewe, ni kama asilimia 5 tu ya ulimwengu. Asilimia 27 hivi ni maada isiyoonekana, na 68 ni nguvu inayofanya ulimwengu utanuke kwa kasi zaidi na zaidi. Hakuna aliyewahi kukamata hata chembe ya hiyo maada. Usiku ule sikulala. Nyie je?

Mwalimu wa Wete: Na haikuzuliwa hivi hivi. Wanaastronomia wa Marekani, Vera Rubin na Kent Ford, walipima kasi za Andromeda, galaksi jirani yetu, wakachapisha 1970. Ilitarajiwa nyota za ukingoni ziende polepole kuliko za ndani. Wapi! Zinakimbia karibu sawasawa. Kwa uzito tunaouona, zingekuwa zishatawanyika zamani, kwa hivyo kuna kitu kinazishika. Lakini linaloninyima mie usingizi ni kasi ya kule kutanuka. Wanaopima kwa mwanga wa mwanzo wa ulimwengu wanapata kilomita 67 hivi kwa sekunde kwa kila megaparsek (masafa ya miaka ya mwanga milioni 3 na kitu), wanaopima kwa nyota na milipuko yake wanapata 73. Kila upande umehakiki vipimo vyake na bado hawakubaliani. Kama sie na mwezi mwandamo.

Binti Mkunazini: Yakhe mwalimu, mwezi tena! Utatuletea ugomvi.

Abuu Twaha: Ugomvi wa nini? Mwezi ukionekana popote umeonekana.

Kijana wa Chwaka: Popote wapi? Kila watu na mji wao.

Mkaazi wa Mkoani: Ndugu zangu, hilo liwekeni mpaka Shaaban. Tafadhalini.

Mvuvi wa Msuka: Nilikuwa sitaki kusema, maana kijijini nikisimulia naambiwa nilisinzia. Ilikuwa siku za giza, mwezi haupo, tuko nje ya Kigomasha na karabai tunangoja dagaa wapande. Bahari shwari, hakuna wingu. Mara mwanga. Si radi, radi inapiga na kupotea. Huu ulikuja unakua, kijani kikali, mpaka ukaizidi karabai. Niliona fundo la kamba mkononi mwangu, niliona magamba yaliyoganda kwenye ubao wa chombo, niliona uso wa mjomba, mdomo wazi. Kitu kilipita juu yetu kutoka upande wa Tanga kuelekea bahari kuu, kinamwaga vipande vya moto nyuma yake, na hakina sauti hata kidogo. Kikazimika. Tukawa hatuonani. Mjomba akaanza Ayatul Kursiyyu. Tushasema yamekwisha, ndipo ukaja mngurumo, mara mbili, chombo kikatetemeka, nikausikia kifuani. Dagaa wote wakazama. Giza zima lililofuata sikushuka baharini. Nauliza mpaka leo: kwa nini sauti ilichelewa vile? Na kiliangukia wapi?

Binti Mkunazini: Subhanallah. Nywele zimenisimama.

Kijana wa Chwaka: Starlink hiyo, zile satelaiti za intaneti. Hata mie nimeziona, zinafuatana msururu.

Mvuvi wa Msuka: Weye, Starlink inanguruma? Na misururu hiyo imeanza kurushwa Mei 2019, hili ni la kabla.

Kijana wa Chwaka: Basi ndege ya kijeshi.

Mvuvi wa Msuka: Ulikuwepo?

Abuu Twaha: Vimondo hupigiwa mashetani wanaoiba kusikiliza habari za mbinguni. Qur'ani imeshasema, mnatafuta nini tena?

Mwalimu wa Wete: Sheikh, aya naisoma na hesabu naisoma, sijaona zikigombana. Mvuvi, hicho ni kimondo kikubwa. Mwanga unafika papo hapo, sauti inachukua kama sekunde 3 kwa kila kilomita. Kikipasukia kilomita 30 juu, mtangoja dakika moja na nusu. Chelyabinsk kule Urusi, 15 Februari 2013, jiwe la mita 20 hivi: watu waliona mwanga wakakimbilia madirishani kutazama. Mpasuko ukafika zaidi ya dakika mbili baadaye, vioo vikavunjika, wakaumia watu kama 1,500.

Bi Mkubwa Makunduchi: Wanangu, mkiona mwanga kama huo laleni kifudifudi mlete dua.

Kijana wa Chwaka: Toa simu urekodi, Bi Mkubwa!

Mwalimu wa Wete: Kaa mbali na vioo, hesabu sekunde, shika kilitoka wapi na kimekwenda wapi. Dua haizuii kuhesabu.

Mlinzi wa Paje: Linalonitisha mie ni ile ishara ya redio kutoka angani ya 15 Agosti 1977, haijulikani nani au nini aliyeituma. Darubini ya redio ya Ohio, Marekani, iliipokea kwa sekunde 72, mwanaastronomia Jerry Ehman akaizungushia wino mwekundu akaandika "Wow!" pembeni. Wamerudi kuisikiliza tena na tena, kimya. Saa nane za usiku niko peke yangu getini, nikiliwaza hilo nawasha taa zote.

Bi Mkubwa Makunduchi: Taa zenu hizo za mahoteli ndizo zilizotuulia nyota pwani nzima!

Mlinzi wa Paje: Mama yangu, mie mwajiriwa tu, taa si zangu.

Abuu Twaha: Mvuvi, mwaka gani hilo? Sie tulikuwa Tumbatu, tukaona kijani upande wa kibla. Sauti hatukuisikia.

Mvuvi wa Msuka: Mwaka ule jua lilipopatwa, 2016. Baada ya Isha.

Mwalimu wa Wete: Sheikh, kilishukia mkono gani? Wa kulia au wa kushoto? Tukipata mistari miwili kwenye ramani tunajua kilizamia wapi.

Abuu Twaha: Wa kulia. Namuuliza kaka yangu, tulikuwa naye, nakurudia leo usiku.