Mrejesho: pedali bapa za baiskeli ya milimani

Wakuu, ni yule niliyeuliza mwezi uliopita kwa nini miguu inaruka kwenye pedali nikishuka njia za mawe huku Lushoto, na kama ninunue za aluminiamu au za plastiki ngumu. Asanteni sana.

Nilichukua za nailoni, pana, zenye vijino vya chuma vya kufunga kwa skrubu. Bei nafuu, na zikigonga jiwe mara nyingi zinateleza tu badala ya kunasa. Aliyenionya kwamba ya kushoto inafungwa kinyume, Mungu akubariki: fundi alikuwa ameshaanza kuilazimisha kwa spana, angeharibu hesi za krenki (ule mkono unaobeba pedali). Tulipaka grisi, ikaingia kwa vidole tu.

Ila pedali peke yake hazikutosha. Wiki ya kwanza bado niliteleza, kumbe tatizo viatu: vya kukimbilia, soli laini yenye mifereji. Nilipovaa raba za soli bapa ndipo vijino vikashika. Na ule ushauri wa kuweka katikati ya wayo juu ya ekseli ya pedali na kushusha visigino kwenye mteremko umenisaidia kuliko vyote, tena ni wa bure!

Kilichoshindikana: ugoko. Nimechanwa na vijino mara mbili, zote nikiwa nasukuma baiskeli kupanda. Aliyesema ninunue kinga nilimcheka, sasa naitafuta. Na kwenye tope bado nateleza, hapo sijapata dawa.