Naomba ushauri: biskuti za lozi hazishiki ngozi masika hii

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nipo Unguja, nataka kuuza macaron Sikukuu, zile biskuti za lozi za Kifaransa zinazobanwa mbili mbili kwa krimu. Nasaga lozi zilizomenywa, nachekecha na sukari ya unga, nachanganya na ute wa mayai uliopigwa na sukari ukasimama. Nikishamwaga kwenye trei, zinatakiwa zikae mpaka juu zishike ngozi, ukigusa kidole kisinate. Kwa mvua hizi zinabaki mbichi, na ndani ya oveni zinapasuka juu.

Kiyoyozi sina. Feni inatosha, au nizikaushe kwenye oveni ya uvuguvugu, mlango wazi? Na katikati natamani kutia halua laini ya iliki, naona itapendeza kuliko siagi inayoyeyuka kwa joto letu. Haitazilowesha?

Inasimuliwa kwamba watawa wawili wa mji wa Nancy, Ufaransa, nyumba yao ya utawa ilipofungwa wakati wa Mapinduzi ya huko, waliishi kwa kuuza biskuti za lozi. Zao zilikuwa moja moja, bila kubanwa. Za kubana zilikuja baadaye, Paris. Aliyewahi kupika hizo za kizamani anijuze, pengine zinavumilia unyevu zaidi.