Naombeni ushauri: mume wangu analiachia gari lijiendeshe, na watoto wako nyuma

Mama Nasri: Wakuu habari zenu. Tunaishi Texas, na mara nyingi tunatoka Dallas kwenda Houston kwa ndugu. Tangu mume wangu anunue gari lenye mfumo wa kujiendesha, tukishaingia barabara kuu anaachia usukani, anashika simu, anaangalia mechi. Nikisema, ananijibu, "Lina kamera pande zote, linaona kuliko mimi." Aliwahi kupanda teksi ya Waymo kule Phoenix, haina dereva, ikamfikisha salama. Basi tangu hapo haambiliki. Naogopa kweli. Nimwambieje bila ugomvi?

Kibarua: Dada, tatizo ni hiyo Waymo. Magari hupangwa kwa madaraja ya uwezo wa kujiendesha, na ile teksi ni daraja la 4: inazunguka kwenye maeneo iliyopangiwa, na ikishindwa inatakiwa ijisimamishe yenyewe. Magari tunayouziwa sisi karibu yote ni daraja la 2. Yanasaidia tu, dereva bado ni mumeo. Kitabu cha gari kinasema hivyo, ila majina wanayoipa mifumo hiyo yanamwaminisha mtu kitu kingine kabisa, na hilo linaniudhi sana.

Mnazi Mmoja: Mimi namtetea shemeji kidogo. Binadamu anachoka, analewa, anasinzia. Mashine hailewi.

Bint Chake: Hailewi, lakini inakosea pale usipotegemea. Mwaka 2016 huko Florida, Tesla iliyokuwa kwenye Autopilot, mfumo wake wa kumsaidia dereva, iliingia chini ya trela la lori lililokuwa linakatiza barabara, wala haikufunga breki. Mwaka 2018 huko Mountain View, California, nyingine ikahama njia ikagonga kizuizi. Dereva, mhandisi wa Apple, alikuwa na gemu kwenye simu. Wachunguzi wa NTSB, shirika la Marekani linalochunguza ajali, walisema mikono yake haikuonekana kugusa usukani sekunde 6 za mwisho. Madereva wote wawili walikufa.

Gari likifanya vizuri siku nyingi, macho yanalegea, hata ya mtu anayelipwa kutazama. Mwaka huohuo wa 2018, Tempe, jirani kabisa na hiyo Phoenix, msimamizi aliyekaa ndani ya gari la majaribio la Uber linalojiendesha alikuwa anaangalia kipindi kwenye simu. Gari likamuua mama aliyekuwa anavuka huku anakokota baiskeli.

Wa Bima: Na aliyeshtakiwa ni huyo msimamizi. Mwaka 2023 alikiri kosa, akapewa miaka 3 ya uangalizi wa mahakama. Shemeji aulizwe hilo: likitokea, nani atasimama mbele ya hakimu? Ila usibishane naye habari za kamera, hamtamaliza. Omba jambo moja tu: watoto wakiwa ndani ya gari, simu yake unaishika wewe na mikono yake iko kwenye usukani. Mfumo auwashe akitaka. Na ongea naye nyumbani, siyo njiani akiwa anaendesha.

Mama Nasri: Ahsanteni sana, hasa kwa hiyo ya daraja la 2 na la 4, sikuijua. Kitabu cha gari hajawahi kukifungua. Leo baada ya chakula tutakisoma wote, kisha nitamwomba hilo la simu. Akikataa, safari ya Houston naendesha mimi.