Naomba msaada: "je suis" na "j'ai" vimeniaibisha Kaole

Kijana wa Dunda

Wakuu, salaam. Mimi ni mwongoza watalii hapa Bagamoyo, mwaka wa tatu huu. Kiingereza najimudu. Tangu Januari nimeanza kujifundisha Kifaransa kwa daftari la kaunta na bando la usiku, maana Wafaransa wanapita, na ukiweza kuwaambia hata sentensi tatu kwa lugha yao, matembezi yanabadilika kabisa.

Sasa juzi nilikuwa Kaole na familia moja: baba, mama, watoto wawili na bibi yao. Saa saba mchana. Tumesimama kwenye yale makaburi ya nguzo, upepo umekata, jasho linanichuruzika mpaka kwenye kope. Nikaona nimwambie bibi kwa adabu kwamba nasikia joto, tusogee kivulini. Nikaipanga sentensi kichwani kwa Kiingereza, nikaigeuza neno kwa neno, nikaitoa kifua mbele: "Madame, je suis chaud."

Bibi akashika kofia. Baba mtu akageuka kutazama magofu ya msikiti, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika. Hakuna aliyeniambia kitu mpaka tunarudi kwenye gari. Jioni nikatafuta kwenye simu nilichosema. Kumbe nimemwambia mwanamke wa umri wa bibi yangu kwamba nina ashki. Aisee.

Basi naomba mnisaidie. Lini nasema je suis ("mimi ni") na lini j'ai ("nina")? Halafu hii habari ya le ya kiume na la ya kike: musée (makumbusho) na mosquée (msikiti) mdomoni zinaishia sawasawa, na vyote viwili vipo palepale Kaole, lakini moja ni le, nyingine ni la. Nani alikaa akaamua? Kaburi nalo, mwenyewe mwanamume, nikasema "son tombe", mtoto wao wa miaka kama minane akanisahihisha: "sa tombe". Son na sa zote ni "yake", sasa mwanamume anapewaje "sa" ya kike? Na mwaka 1874, ule mwili wa Livingstone ulipofikishwa Bagamoyo, sijaweza kuutamka mpaka leo, wakati pale misheni nautaja kila siku ya Mungu.

Ngamiani Mjini

Nimesoma hii nikiwa kwenye daladala natoka Pongwe, abiria wa pembeni kaniuliza kaka una nini. Pole sana. Mimi nilisoma Kifaransa mwaka mmoja hapa Tanga. Kariri tu ndugu yangu. Le na la hazina sababu, ni sawa na kuuliza kwa nini Jumatatu siyo Jumanne. Halafu badilisha shati, ukikutana nao tena wasikujue.

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, usimsikilize huyo wa Tanga, ingawa kwenye shati yuko sahihi.

Nimefundisha Kifaransa miaka kumi na tisa, sasa niko Magomeni hapa hapa Bagamoyo nafuga kuku. Kosa lako nimelisahihisha kwa wino mwekundu mara nyingi kuliko mayai niliyookota. Ulitoka Bagamoyo kwenda Paris ukapitia London. Nauli mara mbili, na mzigo ukapotea njiani.

Njaa ikikushika unasemaje nyumbani? Nina njaa. Nina kiu. Nina usingizi. Nina haja ya maji. Nina miaka 26. Sasa toa "nina", weka "j'ai": j'ai faim, j'ai soif, j'ai sommeil, j'ai besoin d'eau, j'ai vingt-six ans. Kitu kilekile! Mwingereza ndiye anayesema yeye "ni" mwenye njaa na yeye "ni" miaka kadhaa. Joto pekee ndilo lina kona kidogo, maana sisi tunalisikia na Mfaransa "analo": j'ai chaud. Na ungemwambia yule bibi "je suis faim" angesikia "je suis fin", kwa kuwa njaa na mwisho kwao hutamkwa sawa.

Je suis iweke pale ambapo ungesema "ni" au "niko": je suis guide, je suis à Kaole. Shida yake ni kwamba "ni" yetu haibadiliki, yao ina sura sita: je suis, tu es, il est, nous sommes, vous êtes, ils sont. Hapo ndipo pa kukariri kama alivyosema mwenzetu.

Le na la. Mgeni akikuuliza kwa nini kikombe "kimevunjika" lakini sahani "imevunjika", utamjibu nini? Nani alikaa akaamua? Wewe una ngeli chungu nzima na hujawahi kulalamika, leo unalalamikia ngeli mbili za Mfaransa! Mtoto wa Kiswahili hafundishwi kwanza "kombe" halafu aambiwe ngeli yake. Analipokea neno na kichwa chake. Kwa hiyo kwenye daftari lako futa "tombe", andika "une tombe". Nasema une, siyo la, kwa sababu la na le zote hukatika mbele ya irabu. Ukiandika l'église na l'arbre, daftari halitakwambia kwamba kanisa ni la kike na mti ni wa kiume. Une église, un arbre: hapo hakuna kujificha.

Miisho nayo inasaidia. Maneno ya -tion karibu yote ni ya kike. Ya -age mengi ni ya kiume, le village, le voyage, ila wewe wa pwani utakutana na la plage kila siku, nalo limeasi. Na le musée ndilo lililoasi kundi la -ée, pamoja na le lycée. La mosquée limetulia kwao.

Sasa yule mtoto. Alikuwa sahihi, na Kiswahili chako kingekwambia hivyo kama ungekiuliza. Nyumba yake, mlango wake, kaburi lake. Hiyo y-, w-, l- imemfuata nani? Imefuata nyumba, mlango, kaburi. Mwenye mali awe mume au mke, haimhusu. Mfaransa ni hivyohivyo: sa tombe kwa sababu tombe ni la kike, son mur kwa sababu ukuta ni wa kiume. Anayemwangalia mwenye mali ni Mwingereza tena.

Nikuonyeshe nyingine, maana hii huwa inanifurahisha hata peke yangu bandani. "Ninakupenda." Huyo anayependwa umemweka wapi? Ku-, kabla ya kitenzi. Je t'aime. T' imekaa palepale. "Ninamwona", je le vois. Na ukikanusha: "sisomi", umegusa mwanzo na mwisho, si- huku na -i kule. Je ne lis pas, ne huku na pas kule. Wanafunzi wangu waliotoka shule za Kiingereza walikuwa wanapigana na vitu hivi muhula mzima.

Mahali Kiswahili kinakutupa ni il, yeye wa kiume, na elle, yeye wa kike. Yeye kwetu ni yeye. Naweka kuku wangu wawili rehani kwamba yule bibi umewahi kumwita il.

Kijana wa Dunda

Shikamoo mwalimu. Kuku wako wako salama, nilimwita il asubuhi nzima.

Hili la kaburi lake limenikalisha chini. Nimerudi kwenye daftari nikaandika upya kurasa nne. Sasa nione: "J'ai vingt-six ans. Je suis guide à Bagamoyo. Voici Kaole, son mosquée et son musée."

Mama Kitenge

Mdogo wangu, *sa* mosquée. Mosquée ni la kike, mwalimu kashasema. Ila ukifika misheni utasema *son* église ingawa kanisa ni la kike pia, kwa sababu linaanza na irabu na "sa église" inakwaza ulimi. Hapo wanaazima son kwa ajili ya sauti tu.

Mimi ni mzaliwa wa Lubumbashi, nimeolewa hapa, nauza vitenge. Hesabu zenu za shuleni zinanichekesha. Mfaransa wa Ufaransa akifika 70 anachoka: anasema sitini-na-kumi, soixante-dix. Kwa hiyo 1874 yake ni mille huit cent soixante-quatorze, yaani mwishoni sitini-na-kumi-na-nne. Sisi Kongo tunasema septante tu, kama Wabelgiji, na 90 ni nonante: mille huit cent septante-quatre. Wageni wako wataelewa zote mbili, lakini wakiwa wa Ufaransa wape ya kwao. Iseme ukifagia, ukioga, itazoea.

Na yule bibi usije ukamwambia "tu", yaani wewe. Sema "vous", yaani ninyi, hata akiwa peke yake. Ukimwambia tu ni kama kumpa mambo vipi mtu wa kupewa shikamoo.

Mwalimu Mstaafu

Asante mama. Na kijana, hiyo misheni unayoipita kila siku ilianzishwa na mapadre wa Kifaransa mwaka 1868. Mmoja wao aliyeishi hapo baadaye, Padre Charles Sacleux, alikaa na wazee wa pwani akikusanya maneno yetu, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa ilianza kuchapwa Paris mwaka 1939. Wewe unaifuata njia hiyohiyo, ila umeanzia upande wa pili.

Nakupa kazi ya nyumbani. Niandikie habari ya Susi na Chuma, wale waliobeba mwili wa Livingstone, kwa wakati uliopita. Kitenzi cha kubeba kinakwenda na avoir (kuwa na, ile ya j'ai), cha kufika kinakwenda na être (kuwa, ile ya je suis). Kwa ujumla vile vya kwenda, kuja, kufika, kuondoka, kuzaliwa na kufa ndivyo vinavyotaka être, vingine vingi ni avoir.

Kijana wa Dunda

Nimekaa nayo tangu magharibi, umeme umekatika mara mbili: "Susi et Chuma ont porté le corps de Livingstone. Ils sont arrivé à Bagamoyo en février mille huit cent soixante-quatorze."

Mwalimu Mstaafu

Arrivés, na s mwishoni. Penye être kitenzi hufuata mtenda, na hao walikuwa zaidi ya mmoja. Haisikiki, lakini iandike. Mwaka umeupata.

Ngamiani Mjini

Mwalimu, banda lako lina nafasi ya mwanafunzi mwingine? Nakuja na pumba za kuku.